Vichwa vya Jumatatu

Mama Vidole hakupewa jina lile kwa upendeleo. Vidole vyake vikishaingia kichwani mwako, unasahau hata shida zilizokutoa nyumbani. Alisuka mistari myembamba, iliyonyooka, isiyofumuka ovyo, na mtaa mzima ulijua hivyo. Na kama alikuwepo mtu asiyejua, alimwambia mwenyewe, maana pamoja na vidole alijaliwa na mdomo.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja tu: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, benchi la kungojea, na redio iliyoshika stesheni moja ikagoma kushika nyingine. Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na mlango, alikaa kinyozi mmoja mrefu, mwembamba, mpenda masihara, aliyeitwa Wembe. Hawa wawili walikuwa hawaachi kutaniana.

"Dada, leo umewaliza wangapi?" Wembe aliuliza kila asubuhi akifagia mlangoni kwake.

"Nyamaza wewe, mnyoa kondoo. Umeme ukikatika na kazi yako imekatika."

Basi Mama Vidole alikuwa na ujanja wake wa kazi, na ujanja huo lazima uujue, la sivyo haya mengine hutayaelewa. Siku yake kubwa ilikuwa Jumapili. Siku hiyo kila mwenye nywele anataka kuianza wiki akiwa nadhifu, na saluni ile msusi ni yeye peke yake. Mteja akikuta benchi limejaa, ataguna, atageuka, ataenda kwa msusi wa barabara ya pili. Mama Vidole alikuwa radhi ang'olewe jino kuliko kumwona mteja wake akienda barabara ya pili. Kwa hiyo akiona mtu anachungulia tu mlangoni, anamvuta ndani, anamkalisha, anamsuka mistari miwili mitatu ya mbele, halafu anamwambia, "Nisubiri kidogo mwanangu, namalizia huyu." Sasa wewe niambie, utaondoka vipi na mistari mitatu mbele na msitu nyuma? Hapo umekwisha. Mwenyewe aliuita ujanja huo kutia kufuli.

Watu walilalamika huku wanacheka, wakazoea. Watu wazima, kwa kuwa wana midomo, walimaliziwa mapema. Watoto wakakaa benchini mpaka wakasinzia, na jua likizama wakaambiwa, "Nendeni mkalale, mtarudi kesho niwamalizie." Kesho yake alfajiri Mama Vidole huwa yuko sokoni kununua nywele za bandia na mafuta, na saluni haifunguliwi mpaka mchana. Lakini hilo la asubuhi ya Jumatatu hakuwahi kuliwaza. Alikuwa na mengi ya kuwaza.

La kwanza kati ya hayo lilikuwa bintiye. Baba mtu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, wa kuja leo na kuondoka kesho, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mtoto wake wa pekee, ambaye tangu anatambaa alikuwa hatulii mahali pamoja, wakamwita Nyuki. Nyuki sasa alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, na hesabu alizipenda kama wenzake wanavyopenda peremende. Mama Vidole mwenyewe aliacha shule njiani akalee wadogo zake, na jambo hilo lilimuuma mpaka leo. Alichokitaka kwa roho yake yote kilikuwa kimoja, Nyuki afanye mtihani wa mwisho, afaulu, aende sekondari.

"Huyu mtakuja kumwamkia kwa foleni," aliwaambia wateja. "Chekeni tu."

Mwaka ulipofika katikati, Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano wa mtaa. Hakuwaita wazazi peke yao. Aliwaita wenye maduka, mafundi, muuza mkaa, mwenye kibanda cha michezo ya video, na kinyozi na msusi pia. Alikuwa mwalimu mpya, mpole, na kichwani hakuwa na unywele hata mmoja.

"Kwa huyu hatuli mimi wala wewe," Wembe akamnong'oneza Mama Vidole, naye akaziba mdomo kwa mtandio asicheke.

"Ndugu zangu," Mwalimu Mkuu akasema, "Jumanne mpaka Ijumaa shule yangu inajaa. Jumatatu nusu ya wasichana siwaoni. Nikiwauliza, jibu ni moja, kichwa kilikuwa kinauma. Vichwa gani hivi vinavyouma Jumatatu tu? Shule peke yake imeshindwa. Ninyi mnakaa na watoto hawa saa nyingi kuliko mimi, nimekuja kuomba mnisaidie. Na hili niliseme wazi: kwa darasa la mwisho, aliyekosa kupita kiasi hafanyi mtihani. Anarudia mwaka. Wapo ambao wakikosa siku moja tu tena, wamekwisha."

Loo, hapo ndipo ungewasikia watu. Wazazi wakamgeukia mwenye kibanda cha video. Mwenye kibanda akasema kwake hawaji wasichana, waulizwe wazazi wanaowaachia simu mpaka usiku. Muuza mkaa akasema tatizo ni walimu. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole, na kila kidole kilielekea nje.

Mama Vidole akasimama. Akajifunga mtandio kiunoni, dalili ambayo waliomfahamu waliijua.

"Nyie mnazunguka tu," akasema. "Kuna mtu anawazuia watoto hawa. Watoto hawajizuii wenyewe. Na mtu huyo, awe mzazi, awe nani, mimi nikimpata nitamtembeza mtaa huu mzima nikimpigia sufuria nyuma, watu wamjue. Ninaapa!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Nyuki, aliyekuja na mama yake, aliinamia vidole vyake vya miguu. Mama akadhani mtoto anaona haya kwa sababu ya mdomo wa mama yake, haya alizozizoea.

Wakakubaliana kwamba Jumatatu asubuhi watu wapite wawili wawili, nyumba hadi nyumba, wawatoe watoto ndani. Mama Vidole na Wembe wakapewa mtaa wao wenyewe. Safari ya sokoni ikaahirishwa, akatoka nyumbani kukiwa bado na umande, amemwacha Nyuki akinywa chai na sare amevaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala. Binti yake mkubwa alikuwa kitandani, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Kichwa, shangazi."

"Kichwa! Hebu nikione hicho kichwa." Akakivuta kitambaa. Mistari mitatu mizuri, iliyonyooka, ilishuka kutoka kwenye paji la uso, na nyuma yake nywele zilisimama kila moja na njia yake. Msusi huijua kazi yake hata gizani. Mama Vidole akakirudisha kitambaa polepole.

"Ah," akasema. "Huyu nilimwambia arudi. Sasa si ungekuja, mwanangu?"

"Huwa nakuja mchana, shangazi. Asubuhi huwa hupo."

Wembe akakohoa. Wakatoka.

Nyumba ya pili, kwa muuza mkaa, mabinti wawili, wote vichwa vinauma. Mmoja alikuwa na mistari miwili, wa pili minne, tena wa minne alisukwa upande mmoja tu kwa sababu Jumapili alikaa karibu na ukuta. Mama yao akasema amewabembeleza waende hivyo hivyo, wakakataa katakata. Wiki iliyopita mmoja wao alikwenda, wavulana wakamwita shamba lililolimwa nusu, akarudi analia mpaka nyumbani.

Nyumba ya tatu Mama Vidole hakuvuta kitambaa. Alimtazama tu mtoto, mtoto akamtazama, wakaelewana. Ya nne hakuingia kabisa. Alisimama nje akisingizia kiatu, Wembe akaingia peke yake, akatoka amejiuma mdomo wa chini mpaka macho yanamtoka machozi.

"Dada," akasema, "tuendelee kumtafuta huyo mtu, au tumeshampata?"

"Wembe, nitakuchana."

"Mimi nauliza tu. Na sufuria iko wapi?"

Mama Vidole alikuwa na makosa mengi, lakini kula kiapo na kukikana hakukuwemo. Alisimama katikati ya kichochoro, uso umemwiva, akatazama juu, akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Iko nyumbani. Twende nikaichukue."

Wakaenda. Akasukuma mlango wa jikoni, na pale kwenye kigoda, daftari la hesabu gotini, sare mwilini, mtandio wa mama yake kichwani, alikuwa amekaa Nyuki.

Wembe akabaki mlangoni.

Mama Vidole alinyoosha mkono akautoa ule mtandio. Mistari mitatu. Akakumbuka sasa: Jumapili mchana alimkalisha Nyuki wa kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote, akamwanza, akaingia mteja, akaingia mwingine. Na Jumapili ile nyingine hivyo hivyo. Mtoto wa nyumbani ndiye aliyeanzwa mapema kuliko wote, na ndiye aliyemaliziwa mwisho, Jumatatu jioni, watu wakishaisha.

"Nyuki. Umekosa Jumatatu ngapi?"

"Karibu zote, mama."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema dakika moja."

Machozi yakamtoka Mama Vidole pale pale, bila kuficha, mbele ya kinyozi. Alijua sasa ni nani aliyebakiza siku moja. Kila alipojigamba mbele ya wateja kwamba bintiye atasoma, vidole vile vile alivyojivunia vilikuwa vinamfungia bintiye mlango wa shule. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, Nyuki akamshika bega akisema, "Basi mama, basi."

Alipomaliza kulia akasimama, akatwaa sufuria kubwa na mwiko wa ugali, akamkabidhi Wembe.

"Piga."

"Dada, mimi nilikuwa natania..."

"Piga, nimesema! Na upige kweli, si kama unapaka mtu poda."

Basi siku hiyo mtaa ulishuhudia vituko. Mama Vidole mbele, kichwa juu, anatangaza mwenyewe, "Ni mimi! Aliyekuwa anawazuia ni mimi! Tokeni wanangu, tokeni na vichwa vyenu hivyo hivyo!" Wembe nyuma anaipiga sufuria mpaka ikabonyea. Mlango mmoja ukafunguka, ukafuata mwingine, wasichana wakatoka na vitambaa vyao, mwanzo kwa aibu, halafu kwa vicheko, maana nani atakuona nusu kichwa ukiwa katikati ya nusu vichwa wenzako kibao? Wakaingia getini kwa kelele, walimu wote wamejaa madirishani.

Mwalimu Mkuu aliisikiliza hadithi yote bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mama, Nyuki nilimtuma akuite zaidi ya mara moja. Akawa ananiambia mama ana wateja. Nami kila nikipita kwako naona kweli, mama ana wateja."

"Nirudishie mwanangu darasani, mwalimu. Nifanye nini?"

"Yumo darasani. Ila asikose tena hata siku moja. Kanuni hii si yangu, na siwezi kuipindisha kwa ajili ya mtoto mmoja. Na wewe, kwa kuwa umeuliza," akapapasa kipara chake, "mimi mambo ya nywele siyajui. Niambie wewe tufanye nini na hawa wengine."

Huko ndiko ulikotoka mpango wa Ijumaa. Masomo ya Ijumaa yakiisha, wasichana wanabaki kwenye baraza la shule na wanasukwa pale pale, vichwa vizima, hakuna kufuli. Mama Vidole hakutosha peke yake, kwa hiyo akawaita akina mama waliojua kusuka, akawanoa, akawagombeza kweli kweli, na wakaja. Fundi seremala akatengeneza mabenchi marefu ya ngazi mbili, anayesukwa chini na msusi juu. Wembe akaleta mashine yake kwa ajili ya wavulana, akawawekea sharti kwamba atakayesikika akimcheka msichana kichwa, atanyolewa nusu na kuachwa hivyo mpaka Ijumaa ijayo. Hakulazimika kumnyoa hata mmoja.

Jambo la vitabu halikupangwa na mtu. Anayesukwa hana kazi, na Mama Vidole hakuweza kufanya kazi bila habari. Redio yake ilikuwa mbali. "Hebu mmoja wenu anisomee kitu," akasema Ijumaa ya kwanza, na msichana mmoja akasoma hadithi kutoka kitabu cha darasani, anakwama hapa, anakwama pale, wenzake wanamsaidia. Alipofika mahali panapochoma, kengele ya kufunga geti ikalia, akafunga kitabu.

"Ala! Kwani huyo bwana alirudi au hakurudi?" Mama Vidole akang'aka, chanuo mkononi.

"Tutasoma Ijumaa ijayo, shangazi."

"Nitakufa kabla! Kaa chini."

Tangu hapo wasomaji wakawa wanagombania zamu. Wasiojua kusoma vizuri walijifunza nyumbani kwa siri wasije wakaaibika barazani, maana Mama Vidole alikuwa hana subira na mtu anayemkatia hadithi. Nyuki yeye akaanzisha kikundi chake pembeni, anawafundisha wenzake sehemu na asilimia huku wanasukwa. Jumatatu zikajaa. Mwalimu Mkuu akasimama kwenye mistari ya asubuhi, akaangalia vichwa vilivyopangika kutoka mwanzo hadi mwisho wa uwanja, akasahau alichotaka kutangaza.

Ungedhani yaliishia hapo. Hayakuishia hapo.

Ijumaa kila mtoto wa mtaa alisukwa, ila mmoja. "Wewe uko nyumbani," Mama Vidole alimwambia Nyuki. "Wewe nakusuka wakati wowote." Na kweli akawa anamsuka Jumamosi, au Jumapili asubuhi, mapema, akikumbuka kile kilio cha jikoni. Nyuki hakukosa tena hata siku moja. Hivyo wakafika kwenye Jumapili ya mwisho, mtihani unaanza kesho yake, Jumatatu.

Siku hiyo Mama Vidole alimkalisha bintiye mchana mapema, akamfumua, akamchana, akaanza mistari mipya, myembamba kuliko yote, ya mtihani. Alikuwa kwenye mstari wa tatu wakati gari liliposimama nje na wasimamizi wa harusi wakamiminika ndani, wasichana sita, harusi kesho jioni, msusi wao kawatoroka.

"Shangazi, tuokoe! Tukikukosa wewe tunaenda barabara ya pili!"

Angeweza kusema hapana. Kwa mdomo aliokuwa nao, neno hapana lilikuwa jepesi. Lakini mkono una mazoea yake. Akamwambia Nyuki, "Dakika moja tu mwanangu, niwaanze hawa," na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshawatia kufuli wote sita.

Nyuki akasogea benchini, akafungua daftari.

Wa kwanza akaisha. Wa pili akataka mtindo mgumu, akaisha. Jua likainama, mwanga ukaanza kuwa mwekundu kwenye kioo. Mama Vidole alipoinua macho kunyoosha shingo, benchini palikuwa na daftari tu. Akatazama nje. Ng'ambo ya kichochoro, ndani kwa kinyozi, aliona mgongo wa Nyuki kwenye kiti kikubwa cha kunyolea, na Wembe amesimama pembeni, mashine mkononi, uso wa mtu aliyevunja sahani ya watu.

Alivuka kile kichochoro sijui kwa hatua gani. Chini ya kiti sakafu ilikuwa nyeusi kwa nywele, na kati ya nywele hizo kulikuwa na mistari mitatu myembamba.

"Wembe! Wembe, umemfanya nini mwanangu?"

"Dada, nilimkatalia. Naapa nilimkatalia. Akaniambia nisipomnyoa atachukua mkasi ajinyoe mwenyewe."

"Usimgombeze," Nyuki akasema. Kichwa chake kilikuwa kipara kabisa, kidogo, kinang'aa. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Siku ya leo, Nyuki? Binti wa msusi? Kesho watu watasema nini?"

"Walikuwa wamebaki wanne, mama. Nilihesabu. Ungewamaliza wao kwanza, na mimi ningekuwa nimelala, na wewe mikono imechoka, tungesema tutaamka alfajiri." Akapangusa nywele zilizobaki shingoni. "Kesho ni Jumatatu. Sitaki kukaa kwenye mtihani nawaza kichwa changu. Nataka kuwaza hesabu tu."

Mlangoni wasimamizi wa harusi walikuwa wamesimama wanachungulia, wawili wazuri, wanne nusu kichwa.

Mama Vidole alimkaribia mtoto. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya kile kipara, vidole vikiwa vimenyooka, havina cha kushika. Miaka yote ameshika kichwa hiki, na alichokijua kilikuwa nywele. Kumbe nyuma kilikuwa cha mviringo mzuri, na juu ya sikio la kushoto kulikuwa na alama ndogo ya kuzaliwa, ya kahawia, hajawahi kuiona maishani mwake.

"Kichwa kizuri hiki," akasema, na machozi yakaanguka juu yake. "Wembe, ni kizuri, si kweli?"

"Kizuri sana, dada. Mimi navijua vichwa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Lakini nina njaa."

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mama Vidole akawageukia wasimamizi wa harusi. "Nyie nendeni nyumbani. Njooni kesho mtihani ukiisha."

"Shangazi! Na vichwa hivi? Harusi kesho!"

"Jioni, si mmesema jioni? Jifungeni vitambaa. Mwanangu hajala."

Jumatatu asubuhi walikwenda shuleni pamoja, mama na mtoto, wakipita katikati ya kichochoro. Nani angecheka? Wasichana wenye mistari mizuri ya Ijumaa walimzunguka Nyuki getini, kila mmoja akikipapasa kile kipara ili apate bahati, mpaka Mwalimu Mkuu naye akaja, akakitazama, akajipapasa chake, akasema, "Hatimaye nimepata mwenzangu." Kisha kengele ikalia wakaingia wote, na mlango wa chumba cha mtihani ukafungwa.

"Haya mama, watatoka mchana," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Nenda tu kazini, najua una wateja."

"Nitakaa hapa hapa, mwalimu."

Akavuta jiwe kwenye kivuli cha ukuta, akakaa. Baada ya muda wakaja wasimamizi wanne, vitambaa mpaka kwenye nyusi, wakamwona, wakamsihi awamalizie pale pale getini, chanuo wamekuja nalo. Akalisukuma chanuo kando.

"Leo nitawapindia mistari, akili yangu iko mle ndani. Kaeni."

Wakakaa, mmoja mmoja, wakajipanga chini ya ukuta. Wembe akafunga kwake akaja naye, akaleta chai kwenye chupa. Mpita njia mmoja akasimama, akawashangaa wale wanawake wenye vitambaa waliojipanga getini kama foleni ya saluni, akauliza wanangoja nini.

"Tunamngoja mtoto," wakajibu.

Mama Vidole alikuwa anautazama ule mlango. Hakuwahi kujua kwamba kungoja ni kurefu hivi, na kila alipotaka kuinuka alijilazimisha kukaa tena, mikono mapajani, mpaka mtoto wake amalize.